Kutembea Vermund na Kurudi: Jinsi ya Kuijua Dunia ya Dragon's Dogma 2

Kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari langu la mchezo wa video wa Dragon's Dogma 2 nimeandika neno moja kwa herufi kubwa: KURUDI. Nililiandika siku yangu ya pili ya kucheza. Nilikuwa nimetoka lango la mji wa Vernworth, katika nchi ya Vermund, jua likiwa limeshapita utosini, nikaona kitu kinang'aa juu ya jabali, nikakifuata. Juu ya jabali palikuwa na kijia. Kijia kikanifikisha kwenye pango, pango likanitoa upande wa pili wa kilima, na huko giza lilikuwa limeshatanda. Kandili ikafifia, mafuta ya akiba sina, na mifupa ikaanza kuinuka kutoka ardhini. Vernworth sikuiona tena siku ile.

Tangu hapo mchezo huu nimeumaliza mara mbili, na kila rafiki anayeuanza huniuliza swali lile lile: nianzie wapi kuzunguka? Mimi humwuliza kwanza atarudi vipi. Karibu kila kilichonipata kibaya katika dunia hii kilinipata njiani kurudi, nikiwa nimechoka, nimebeba mizigo, na uhai umekatika nusu. Kwa hiyo maelekezo yangu yote yamekaa juu ya jambo hilo.

Kwa asiyeujua: mchezo ulitoka tarehe 22 Machi 2024 kwa PlayStation 5, Xbox Series X na S, na kompyuta. Ni mwendelezo wa ule wa 2012 uliokuwa katika nchi ya Gransys. Wewe ni Arisen, mtu ambaye joka limeuchukua moyo wake naye akabaki hai. Hideaki Itsuno, aliyeongoza utengenezaji wake, alisema ramani ni kubwa takriban mara nne kuliko ile ya kwanza, na alishikilia kwamba safari ikichosha kosa ni la mchezo wenyewe, dawa yake ni kuifanya safari iwe tamu. Ndiyo maana hakuna farasi wa kupanda, na kuhama mji hadi mji kwa uchawi ni ghali. Utatembea. Ukilikubali hilo tangu mwanzo, utafurahi zaidi ya yule anayetafuta njia ya kulikwepa.

Anza na uzito. Kila unachookota kina kilo zake, na kadiri mzigo unavyopanda ndivyo pumzi inavyokwisha haraka unapokimbia. Pumzi ikikauka kabisa mhusika wako husimama akihema, na akisimama mbele ya jitu la jicho moja, basi. Mhusika mwenye umbo kubwa hubeba zaidi ya mwenye umbo dogo, jambo la kukumbuka ukiwa bado unaunda sura yake. Mimi hutoka mjini mzigo ukiwa mwepesi kabisa: kifaa kimoja cha kambi, chupa mbili za mafuta ya kandili, majani machache ya Greenwarish kwa majeraha, na nyama ikiwa ninayo. Vingine vyote hubaki kwenye ghala la nyumba ya wageni. Wafuasi wako, wale wasaidizi wanaotembea nawe, pia ni wabebaji, wagawie mizigo, ila usimtwike mmoja peke yake. Na ukiona mdudu wa dhahabu anang'aa kwenye shina la mti au ukuta wa mwamba, mchukue umtumie papo hapo: kila mmoja hukuongezea kidogo uwezo wa kubeba, na nyongeza hiyo haiondoki.

Nyama na matunda huchacha kadiri siku zinavyokwenda, usivilimbikize.

Sasa mstari wa uhai, maana huu ndio saa yako halisi ya safari. Ukijeruhiwa, mstari haupungui tu. Ncha yake inakatwa, na ile ncha iliyokatwa haijazwi kwa dawa za kawaida wala uchawi wa mganga. Inarudi ukilala. Mgeni anayecheza mara ya kwanza hushangaa: amekunywa dawa, kaponywa, mbona mstari ni mfupi? Ni mfupi kwa sababu safari imeula. Mimi nina kanuni yangu na siivunji. Robo ya mstari ikikatika, naanza kutafuta mahali pa kulala. Nusu ikikatika, siingii pango jipya hata liwe na mlango wa dhahabu, naweka alama kwenye ramani na kugeuza. Alama hizo ndizo zinazonipa kazi ya kesho.

Mahali pa kambi utapatambua kwa mabaki ya moto na nafasi tambarare iliyo wazi, na ukishapafikia panabaki kwenye ramani. Huwezi kulala maadui wakiwa jirani, kwa hiyo wasafishe kwanza. Nami naongeza: safisha eneo pana kuliko unavyoona inatosha, zunguka vichaka vyote, kwa sababu kambi inaweza kuvamiwa usiku, na wavamizi wanaweza kukuharibia vifaa vyenyewe. Nilipoteza kifaa changu pekee namna hiyo nikiwa mbali na kila kitu, nikatembea siku mbili za mchezo mstari wa uhai ukizidi kufupika. Siku hizi safari ya zaidi ya siku moja hubeba vifaa viwili, kimoja kwangu na kimoja kwa mfuasi. Ukipiga kambi, choma nyama. Watengenezaji walipiga picha za video za nyama halisi ikikaangwa kwenye chuma, mafuta yakichuruzika, na ukiila unaongezewa nguvu kwa muda. Wengi huiruka video ile. Mimi siiruki. Baada ya kutwa nzima ya mbwamwitu na goblini, kuketi kando ya moto kusikia nyama inachacharika ni sehemu ya safari kama mlima wenyewe.

Kuhusu barabara: safari zako tatu nne za mwanzo usiziache. Kutoka Melve, kijiji cha mwanzo, hadi Vernworth, mji mkuu wa Vermund, fuata barabara, ujifunze sura ya nchi: mito iko wapi, daraja liko wapi, kambi ziko wapi. Barabara ndiyo uti wa mgongo utakaoushika usiku ukikukuta. Ukishaijua, ndipo uiache. Na ukiiacha, iache kwa sababu, siyo kwa kutangatanga. Sababu zangu ni tatu: kitu nilichokiona kwa macho, kitu alichokitaja mfuasi, au mahali ambapo ramani ina upenyo na miguu yangu haijapita.

Cha kuona kwa macho ni kingi mno, na hapa ndipo mchezo huu ulipoushika moyo wangu. Nyanyua kichwa. Ukingo wa jabali ambao hauna njia ya wazi kwa kawaida una njia ya kuzungukia nyuma, na aliyeuchora hakuuweka pale bure. Mhusika wako hawezi kukwea ukuta mtupu, anaweza kudandia tu ukingo ulio karibu, kwa hiyo kila mteremko ni fumbo la kusoma: mahali gani mawe yamepangana kama ngazi, mti gani umelala, paa gani liko chini ya dirisha. Ukicheza fani ya uchawi, yaani Mage au Sorcerer, una uwezo wa kuelea hewani kwa muda mfupi, na ghafla nyufa ambazo mpiga upanga anaziangalia kwa huzuni zinakuwa mlango. Mimi nilirudia nusu nzima ya Vermund nilipobadili fani, nikakuta masanduku juu ya magofu niliyoyapita mara kumi. Kushuka nako kuna ujuzi wake. Ukilazimika kuruka kutoka juu, angalia wafuasi wako wamesimama wapi, kwa sababu mfuasi aliye chini anaweza kukudaka mikononi usivunjike.

Hata majitu ni sehemu ya njia. Jitu la jicho moja likiangushwa kwenye ufa wa bonde linaweza kulala kuvuka pande mbili, nanyi mkapita juu ya mgongo wake. Grifini ni habari nyingine. Anapojeruhiwa hupaa kukimbia, na ukiwa umemng'ang'ania manyoya, anakuchukua. Mara ya kwanza nilishika bila kufikiri, nikaona barabara inakuwa uzi, mto unakuwa utepe, pumzi yangu inapungua kule chini ya skrini, na sina pa kuachia. Nilitua nchi ambayo ramani yangu ilikuwa haijaigusa, peke yangu, wafuasi wote nimewaacha. Kurudi kulinichukua jioni nzima ya kucheza, na ni jioni ninayoikumbuka kuliko mapigano yote. Jaribu mara moja, ila uwe umelala nyumba ya wageni kabla. Kulala pale ndiko kunakuwekea mahali salama pa kurejea mambo yakiharibika.

Maji yaogope. Maji ya kufika kiunoni si neno, lakini kina kikizidi kuna kitu kinaitwa Brine, mikono myekundu inayokuvuta na kukutupa nchi kavu. Wafuasi wakishikwa wanapotea kabisa mpaka ukawaite tena kwenye Riftstone, jiwe la kuwaitia wafuasi. Basi mto si njia ya mkato.

Nimewataja wafuasi mara nyingi, na mchezo wenyewe unawaita Pawn. Mmoja ni wako, unamuumba mwenyewe na kumpa jina, wangu anaitwa Tumaini. Wawili wengine unawaajiri, na hao ni wafuasi wa wachezaji wengine duniani. Jambo ambalo wageni hawalijui ni kwamba wafuasi wanakumbuka. Aliyewahi kufika pango fulani na bwana wake atakuambia kuna sanduku karibu, na ukimpa amri ya «Go!» atatangulia kukuonyesha. Aliyekwisha kumaliza misheni unayoifanya anaweza kukuongoza hadi mwisho wake. Kwa hiyo ukiajiri kwa ajili ya kutembea, usiangalie leveli peke yake. Mwenye leveli ya juu kuliko yako anakugharimu, mwenye leveli kama yako ni bure, na anayeijua nchi ana thamani kuliko wote wawili. Angalia pia utaalamu wake. Mwenye utaalamu wa Forager atakuwekea kwenye ramani mahali vinapopatikana vitu unavyovitafuta. Mwenye Woodland Wordsmith anafasiri lugha ya Waelfu, na usipokuwa naye ukifika Sacred Arbor, kijiji chao msituni, utasimama katikati ya watu wanaokusemesha usielewe neno. Tumaini wangu nampeleka kwa wenzangu vilevile. Ninapolala nyumba ya wageni husafiri kwenye dunia za wengine, na asubuhi hurudi na habari, pengine na zawadi.

Kuna ugonjwa wa kuchunga, Dragonsplague. Mfuasi aliyeambukizwa huanza ubishi, hakutii amri, hushika kichwa akilalamika kinamuuma, na macho yake hung'aa mekundu. Ukilala mjini naye akiwa amekolea, utaamka mji umejaa maiti. Mimi huwakagua macho wote watatu kabla ya kuingia lango lolote, ni tabia sasa kama kufuta miguu mlangoni. Wa kuajiriwa, mwage. Wako mwenyewe, mwache achukuliwe na Brine kisha mwite upya. Inauma, hasa ukishamzoea, lakini atarudi akiwa mzima. Na usikague mmoja ukaridhika, maana ugonjwa unahama kutoka kwa huyu kwenda kwa yule.

Usiku wa Vermund ni giza totoro la kweli. Mwanga wa kandili unafika hatua chache tu, na mafuta yake yanaisha. Mifupa na mizimu hutoka, na ukikosea njia unaweza kukutana na Dullahan, shujaa asiye na kichwa, ambaye katika leveli za mwanzo jibu lake ni kukimbia tu. Usisafiri usiku kwa hiari mpaka ujue njia kwa moyo. Lakini ukikutwa, zima mbio. Tembea, shika ukingo wa barabara, sikiliza. Wafuasi husema wanachokiona kabla yako.

Gari la maksai ndilo usafiri wa mnyonge, nami nalipenda sana. Linakwenda kati ya Melve na Vernworth, na kati ya Vernworth na Checkpoint Rest Town mpakani. Unakaa nyuma, unasinzia, unaamka umefika. Au unaamka katikati ya porini goblini wamelizingira. Ikitokea hivyo, mlinde maksai kabla ya kitu kingine chochote, akifa yeye safari imekwisha na mtamalizia kwa miguu. Ushauri wangu ni kwamba mara ya kwanza usisinzie. Kaa macho njia nzima, uangalie pembeni: utaona magofu, vijia na mabonde ambayo ukiwa kwa miguu unayapita ukiwa na vita. Nusu ya alama za ramani yangu ya kwanza niliziweka nikiwa nimekaa kwenye gari.

Jiwe la Ferrystone ni njia ya kichawi: unalivunja, unajikuta kwenye Portcrystal uliyoichagua, yaani kituo cha kutua. Dukani ni dhahabu 10,000 kwa moja, kwa hiyo mwanzoni usiligeuze kuwa nauli ya kila siku. Vernworth na kijiji cha Harve pwani zina Portcrystal za kudumu, na nyingine utazipata njiani uziweke mwenyewe, zisizidi kumi. Watu wengi huweka ya kwanza walipokuwepo siku walipoipata. Subiri. Iweke mwisho wa njia ndefu unayojua utaitembea tena, mahali ambapo hakuna gari la maksai. Na Ferrystone itumie kurudi tu. Kwenda tembea, kwa sababu vitu viko njiani. Kurudi ukiwa na mzigo na uhai uliokatika, hapo ndipo dhahabu 10,000 inapokuwa bei ya haki.

Watu nao wana saa zao. Pale Melve kuna kisa cha mtoto aitwaye Rodge aliyechukuliwa na mbwamwitu, na babu yake anaomba msaada. Mimi nilikubali, kisha nikaenda kwanza kumalizia pango nililokuwa nimeliwekea alama. Nilipofika kwa mbwamwitu nilikuwa nimechelewa. Hakuna aliyenigombeza, hakuna maandishi mekundu kwenye skrini, mtoto tu hayupo. Sikucheza tena usiku ule. Kwa hiyo ukisikia mtu amepotea, ametekwa au anasubiriwa mahali, acha uzururaji, nenda sasa hivi, mapango yatakungoja. Na weka Wakestone moja ambayo huigusi. Inakufufua wewe ukianguka, na inaweza pia kumfufua mtu aliyekufa. Chumba cha maiti cha Vernworth kipo, ukimkosa mtu mahali pake pa kawaida kamtafute humo.

Ukishakuwa mwenyeji wa Vermund, vuka kwenda Battahl, nchi ya Beastren, watu wenye sura ya paka. Utahitaji kibali cha kuvukia mpakani. Kule kijani kinaisha, inabaki miamba na vumbi, na mabonde ni makubwa kiasi kwamba watu wamefunga vichukuzi vya kamba kutoka ukingo hadi ukingo. Unaingia, mtu anazungusha mtambo, mnaning'inia hewani. Kabla ya kupanda tazama juu: hapi, wale ndege wenye sura ya mwanamke, wanapenda kushambulia mkiwa katikati, na mpiga mishale kwenye kundi lako hapo anastahili uzito wake wote. Mapango ya Battahl ni marefu na hupanda na kushuka, kwa hiyo kanuni ya mstari wa uhai iwe kali zaidi. Mimi huko hugeuza kwenye robo, siyo nusu.

Watu watataka kukufungulia ramani zilizokamilika, kila sanduku na kila kambi. Usizitazame mara ya kwanza. Wahenga walisema usisafirie nyota ya mwenzio, na hapa ni kweli kabisa, kwa kuwa ramani inayojaa polepole chini ya miguu yako ndiyo mchezo wenyewe.

Ila jambo moja lazima nikuambie sasa, maana ukilijua baadaye litakuchosha. Utaokota vitu vidogo viitwavyo Seeker's Token, vimefichwa kwenye paa, pembe za mapango na ncha za majabali. Ukiokota cha kwanza kabisa, simama. Weka alama kwenye ramani mahali pale hasa, kisha andika kando: ni juu ya jiwe gani, ukitokea wapi. Kwenye hekalu la mlimani anakaa Sphinx, na mojawapo ya mafumbo yake kumi ni kurudi mahali ulipookota Token yako ya kwanza. Kabla ya kumwendea lala nyumba ya wageni. Mimi sikuwa nimeandika. Nilizunguka njia za Melve kwa siku tatu za mchezo nikipanda kila paa na kila mwamba, Tumaini akinifuata nyuma, mpaka alfajiri moja nikaona kitu kinang'aa kwenye ukingo mdogo juu ya barabara, mahali nilipopita siku ya kwanza nikiwa sijui chochote.